Kosa la Kiwandani na Jeraha la Mtaani

Katika nchi hii ya almasi na dhahabu, inayoanzia Mwadui na Shinyanga mjini, ikapita Kahama na Kakola, ikafika vilima vya Geita, Mgusu na Nyarugusu, ni vigumu kumpata mtu mzima atakayenunua punje ya dhahabu kwa maneno matupu. Dalali ataitia mizanini, sonara ataichoma, mnunuzi wa sokoni ataipeleka kwenye mashine ya kupimia karati, na kila mmoja wao, ajapokuwa anafanya biashara na ndugu yake wa tumbo moja, atahesabu kuwa kupima si tusi bali ni ada ya kazi. Ajabu ni kwamba watu hao hao, wenye macho makali kiasi hicho mbele ya dhahabu, wakiletewa sarafu kuukuu yenye tembo au taji, ama shilingi ya juzi iliyopogoka ukingo na kufifia herufi, huiweka mizani kando wakasikiliza hadithi. Huambiwa kuwa sarafu hiyo ilikosewa kiwandani, kuwa mfano wake ni nadra duniani, na kuwa Mzungu fulani yuko njiani na mamilioni yake. Na kwa maneno hayo tu jasho la miezi hutoka mfukoni lisirudi tena.

Makala haya yanatetea kanuni moja, nayo ni hii: kila anayedai kuwa sarafu yake ilikosewa wakati wa kufuliwa, ni juu yake yeye, wala si juu ya mnunuzi, kuonyesha kosa hilo liliingia katika hatua gani ya ufuaji, na dai lisiloweza kuonyesha hatua yake ni batili, na sarafu ihesabiwe kuwa iliharibika baada ya kutoka kiwandani, hata ingekuwa ya ajabu namna gani machoni. Kanuni hii yaonekana kavu, lakini ndiyo inayomlinda mnyonge, maana tajiri akihadaiwa hupoteza anasa, na mchimbaji mdogo akihadaiwa hupoteza ada ya shule ya wanawe.

Ili kanuni hiyo itumike, hapana budi tuijue kazi yenyewe. Kwanza, madini huyeyushwa na kukandamizwa kuwa ubati mrefu wa unene mmoja, na ubati huo hukatwa visahani vya mviringo, ambavyo aghalabu hupitishwa katika mashine ya kuvivimbisha ukingo. Pili, huchongwa mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa uso na mmoja wa mgongo, yenye picha iliyogeuzwa, hata kila kitakachoinuka katika sarafu kiwe kimechimbwa katika muhuri. Tatu, kisahani huwekwa kati ya mihuri hiyo, ndani ya pete ya chuma inayokizuia kisitanuke, kikabanwa kwa nguvu kubwa mno, na madini, ingawa hayakuyeyushwa tena, husukumika yakajaza kila shimo la muhuri. Kosa la kweli huzaliwa katika mojawapo ya hatua hizi: ama kisahani kilikuwa kibaya, ama muhuri ulikuwa mbaya, ama pigo lilikuwa baya. Mlango wa nne hakuna.

Mfinyanzi anayeijua kazi yake hutofautisha bila taabu ufa ulioingia udongo ungali mbichi na ufa ulioingia chungu kikiisha kuokwa, kwa kuwa kingo za ule wa kwanza zimelainika na kuungua pamoja na chungu kizima, na kingo za wa pili ni kali, na ndani yake mna rangi nyingine. Hukumu ya sarafu haina siri kubwa kuliko hiyo. Kosa lililoingia kabla ya pigo hupitiwa na pigo lile lile lililochora picha, na kwa hiyo picha na kosa hupatana. Jeraha lililoingia baada ya pigo huivamia picha iliyokwisha kukamilika, likaikata, likaiponda au likaikwangua.

Tuanze na kisahani. Hutokea kwamba ubati haukusogezwa vya kutosha, na mkataji akakata mahali palipokwisha kukatwa, kisahani kikatoka kimemegwa ubavuni kwa umbo la mwezi mchanga. Sarafu itokanayo na kisahani hicho ni ya kweli na wakusanyaji huitafuta. Lakini mtu mwenye tupa anaweza kumega sarafu njema akapata umbo hilo hilo katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Utawatenganishaje? Tazama upande unaokabiliana na mmego. Kisahani kilichomegwa hakikupata mkandamizo kamili kilipokuwa kikivimbishwa ukingo, basi ukingo wa upande wa pili, mkabala na mmego, aghalabu huwa dhaifu au hufifia kabisa, jambo ambalo wataalamu huliita athari ya Blakesley. Tena herufi zilizo jirani na mmego hutanuka na kuelekea kwenye uwazi, kwa sababu madini yalipobanwa yalikimbilia huko. Katika sarafu iliyopigwa tupa ukingo wa mkabala ni mzima, herufi zimekatwa wima, na darubini ya mkono inayotumiwa na wanunuzi wa mawe huonyesha mistari ya tupa iliyolala sambamba.

Mafunzo hayo hayo yatuhukumia matundu. Senti 1, senti 5 na senti 10 za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambazo wazee wetu walizitunga katika kamba, zilifuliwa zikiwa na tundu la katikati, na kabla yake heler 5 za Kijerumani za mwaka 1913 zilikuwa hivyo. Tundu lililokuwamo katika kisahani kabla ya pigo, hata likiwa limekwenda kombo, lina mdomo uliolainishwa na pigo, na maandishi yaliyo karibu nalo yameathirika kwa msukumo wa madini. Tundu la keekee limezikata herufi bila huruma na kuacha makali yaliyoinuka upande ilikotokea ncha. Nyingi za rupia za fedha zilizotobolewa hivyo hazikutobolewa kwa hila, bali zilikuwa mapambo ya shingoni mwa mabibi zetu, nazo zina heshima yake ya ukumbusho. Heshima hiyo haizigeuzi kuwa makosa ya kiwanda.

Muhuri nao una shahada zake. Ukichimbika au ukipasuka, ufa wake ni bonde, na madini huingia ndani ya bonde hilo. Kwa hiyo ufa wa muhuri huonekana katika sarafu kama mstari ulioinuka, wala si mfereji. Hii ni kanuni fupi kuliko zote na yenye manufaa kuliko zote: mstari ulioinuka yamkini umetoka kiwandani, mstari uliozama karibu daima umetoka mtaani. Na mihuri miwili ikifungwa bila kuelekezana sawasawa, uso wa sarafu utasimama wima hali mgongo umeinama au umepinduka. Kosa hili ni miongoni mwa yale ambayo mtu wa mtaani hawezi kuyaghushi pasipo kuipasua sarafu na kuiunga upya, ijapokuwa mwinamo mdogo ni jambo la kawaida na hauongezi thamani hata chembe.

Hapa ndipo lazima tuiingize habari ya Tabora, kwa kuwa sarafu inayosemwa kuliko zote katika migodi yetu ni ile ya tembo. Katika vita vya kwanza vya dunia manowari za Uingereza ziliufunga mwambao, fedha ya Berlin haikuweza kufika, na serikali ya Kijerumani, ambayo makao yake yalikuwa yamehamishiwa Tabora, ikaamua kufua sarafu zake katika karakana ya reli. Mwaka 1916 zikatoka heler 5 na heler 20, zikiwa na herufi T ya Tabora, kisha ikatoka dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima upande mmoja na tai wa dola upande wa pili. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, katika nchi ya Iramba, Singida. Zilifuliwa vipande 16,198, kila kimoja kikiwa na uzito wa gramu 7.168, na sehemu 750 katika 1,000 za dhahabu halisi. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na habari ya kiwanda hicho ikaishia hapo.

Karakana ya mabehewa si kiwanda cha fedha cha Berlin. Mihuri yake ilichongwa kwa haraka, mashine zake zilikuwa za kazi nyingine, na matokeo yake ni kwamba heler za Tabora zina nyufa za muhuri, mapigo dhaifu na kingo zisizo sawa kwa wingi mno, hata ile iliyotimia pande zote ndiyo ya kustaajabiwa. Kwa hiyo anayekuletea heler 20 ya Tabora na kukuambia kuwa herufi zake zilizofifia ni kosa la nadra, yamkini anasema kweli juu ya kosa na anasema uongo juu ya unadra. Fauka ya hayo, rupia 15 zenyewe ni za namna mbili, kwa kuwa nakshi ya upande wa kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA katika baadhi, na chini ya herufi A katika nyingine. Hizo ni tofauti za mihuri, zinajulikana, zimehesabiwa, na wala si kosa. Kadhalika senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu kabla ya mwaka huo kwisha, mara nyingi huuzwa kama makosa ya serikali, na ukweli ni kwamba zilitolewa kihalali na kutumika masokoni kama nyingine. Hakimu wa sarafu lazima aijue desturi ya kila kiwanda kabla ya kusema kilichoivunja desturi hiyo.

Sasa tuliangalie pigo. Kisahani kikikaa kombo juu ya muhuri, picha huangukia upande mmoja, na upande wa pili hubaki uwanja mtupu, laini, wenye ngozi ile ile ya kisahani kisichoguswa. Mkwanguo wa mtu hauwezi kuiga ulaini huo, kwa maana kukwangua hupunguza unene na uzito, na mizani ya dhahabu hutambua upungufu huo mara moja. Pete ikikosekana, madini hutanuka kila upande, sarafu ikawa pana na nyembamba kuliko wenzake, na uzito wake usipungue. Wajanja wameligundua hilo, wakachukua sarafu iliyobondwa kwa nyundo au iliyokanyagwa na treni katika reli ya Tabora hadi Mwanza, ipitayo Shinyanga na kutumika tangu mwaka 1928, wakainadi kuwa iliponyoka pete. Uzito wake ni sawa, upana wake umezidi. Lakini tazama herufi. Zilizofuliwa bila pete ni kali na zimejaa, na utanuko wake umeenea pande zote. Zilizokanyagwa na gurudumu zimelala chali, zimevutwa kuelekea upande mmoja, na vilele vyake vimesagika mpaka vikang'aa.

Liko na kosa la ajabu zaidi, sarafu iliyokwisha kufuliwa inapong'ang'ania muhuri na kisahani kifuatacho kikabanwa juu yake, hata upande mmoja ukapata picha ya kawaida na upande wa pili ukapata picha hiyo hiyo iliyozama na kugeuzwa. Hili hughushiwa kwa jiliwa la fundi vyuma: sarafu mbili huwekwa pamoja, zikakazwa mpaka moja iache alama juu ya mwenzake. Ushahidi dhidi ya jiliwa ni kwamba alama iliyozama huwa imeichapa picha iliyokuwapo bila kuifuta, nayo picha ile ya kwanza hubaki ikionekana chini yake, imekandamizwa. Na sarafu yenye vichwa viwili, ambayo kila msimu husikika kuwa imeonekana mahali fulani, takriban daima ni sarafu mbili zilizochongwa, moja ikachimbwa ndani na nyingine ikapachikwa. Ukiipitisha chini ya darubini utauona mwungano ndani ya ukingo, na ukiidondosha juu ya jiwe italia kwa sauti iliyokufa.

Yaliyosemwa mpaka hapa yangeweza kuandikwa popote, ila eneo letu lina balaa yake ya peke yake, nayo ni wingi wa tindikali na moto. Mtu wa Geita au Kahama haendi mbali kutafuta tindikali, wala mtungi wa gesi wa kuchomea, wala jiko la kuyeyushia. Vitu hivyo vimo katika uchenjuaji na katika vibanda vya masonara, na vijana hujifunza matumizi yake kabla ya kujifunza adabu yake. Sarafu ya shilingi 500, iliyoingia katika mzunguko mwaka 2014 ikiwa na sura ya Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, ni ya chuma kilichovikwa nikeli. Ikitiwa tindikalini, vazi huondoka na sarafu ikabadilika rangi, na muuzaji akasema ilisahauliwa kuvikwa kiwandani. Lakini kumbuka utaratibu: kisahani huvikwa kabla ya pigo. Kisahani kilichosahauliwa kingepata picha kamili na herufi kali juu ya chuma kitupu. Kilichovuliwa kwa tindikali kina herufi zilizokonda, uwanja wenye vishimo vidogo vidogo, na uzito uliopungua. Vivyo hivyo heler 20 za Tabora zilifuliwa kwa shaba njano na kwa shaba nyekundu, na za shaba nyekundu zilikuwa chache. Tindikali huila zinki ya juu ya shaba njano na kuiacha na wekundu, na hapo ile ya kawaida hupandishwa cheo kwa ghiliba. Angalia vilele vya herufi na ukingo, mahali panapoguswa na vidole, kwa kuwa wekundu wa tindikali hutoka huko kwanza na unjano ukatokeza.

Ama tembo wa dhahabu wa bandia, yeye hahitaji elimu ndefu, anahitaji mizani ambayo kila dalali anayo. Dhahabu ya sehemu 750 ni nzito karibu mara mbili ya shaba njano, na kwa hiyo shaba iliyopakwa dhahabu, ikiwa na upana na unene ule ule wa rupia 15, haitazidi sana gramu 4, na ya kweli ina gramu 7 na zaidi. Anayetaka kuufikia uzito huo kwa shaba lazima aifanye sarafu nene, na unene haufichiki. Ukiona vitone vya hewa juu ya uwanja, au mstari wa mwungano uliozunguka ubavu, jua ilimiminwa katika kalibu, haikubanwa kwa muhuri.

Atatokea wa kuniuliza: kuna ubaya gani, ikiwa muuzaji ameridhika na mnunuzi ameridhika? Najibu kwamba ridhaa iliyojengwa juu ya hadaa si ridhaa, na kwamba Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu ina sura inayohusu makosa ya sarafu, ikiwamo kughushi. Najibu tena kwamba hasara haiishii kwa mnunuzi. Heler iliyotiwa tindikali ili ionekane nadra imepoteza ushuhuda wake. Ile karakana ya reli ilituachia nyaraka zake katika shaba, mafundi wake wengi hatuwajui kwa majina, na kila alama ya mkono wao inayofutwa kwa tamaa ya siku moja haiwezi kuandikwa tena na mtu yeyote. Mharibifu wa sarafu ya kale hamuibii mtu mmoja, huiibia nchi kumbukumbu yake.

Wala sisemi hivi kuwavunja moyo wenye sarafu, maana makosa ya kweli yapo, na aliyebahatika kupata moja anastahili bei ya haki. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa, Machi 2019, tumeona kwa macho yetu jinsi mizani iliyo wazi na mashine inayosomeka mbele ya pande zote mbili ilivyompa mchimbaji mdogo nguvu mbele ya mjanja aliyekuwa akimfuata shimoni. Jambo hilo hilo lawezekana kwa sarafu, tena kwa gharama ndogo. Makumbusho ya Taifa na Benki Kuu wangefanya hisani kubwa wakiweka katika masoko ya madini ya Geita, Kahama na Shinyanga ubao wenye picha kubwa za sarafu za kweli, uzito wake, upana wake, na mifano ya kosa halali kando ya mfano wa uharibifu. Na masonara wetu, ambao ni warithi wa ujuzi wa kale, wangeongeza heshima ya kazi yao wakikataa katakata kuchovya, kutoboa au kuunga sarafu ya mtu anayekusudia kuiuza kwa jina lisilo lake.

Nawe msomaji, ukiwa na sarafu ya babu yako sandukuni, usiioshe kwa ndimu wala kwa mchanga, usiing'arishe, usiipeleke motoni ili kujua imefanywa kwa nini. Ifunge katika karatasi kavu, ipime, iandikie uzito wake, na usimkabidhi mtu anayesema lazima aondoke nayo ili akaionyeshe. Na atakapokuja muuzaji mwenye sarafu ya maajabu, mwulize swali moja tu kabla ya bei: kosa hili liliingia katika kisahani, katika muhuri, au katika pigo? Asipojua kukujibu, mrudishie sarafu yake, na ubaki na fedha yako.